Safari ya Korongo la Chelly na Nyumba za Watu wa Kale

Katika pande za kusini-magharibi za nchi ya Marekani liko jimbo liitwalo Arizona, nchi ya mchanga na mawe mekundu, yenye mvua chache. Huko, katika pembe yake ya kaskazini-mashariki, lipo korongo kubwa ambalo watu wa kale walijenga nyumba zao ndani ya kuta zake, katikati ya majabali, mahali ambapo mtu angedhani hapana awezaye kukaa ila tai na popo. Jina lake laandikwa Canyon de Chelly, na hutamkwa "de Shei". Wenyeji wa huko, Wanavajo, huliita Tséyi', maana yake ndani ya mwamba. Wahispania walipofika hawakuweza kulitamka neno hilo vema, wakaliandika kama walivyolisikia, nalo likabaki hivyo hata leo.

Twataka kuwaeleza habari za korongo hilo, kwa kuwa tulikwenda kulitazama jamaa nzima, wazee kwa watoto, nasi tuliona huko jambo ambalo lafaa kufikiriwa katika kila nyumba yenye bibi na wajukuu.

Sababu ya safari ilikuwa hivi. Ndugu yetu mdogo alikwenda Marekani kwa masomo, akapata kazi, akaoa, akakaa katika mji wa Flagstaff. Watoto wake wawili walizaliwa huko. Mama yetu, ambaye ni mtu mzima sana sasa, alikuwa akisema kila mwaka, "Nataka kuwaona wajukuu wangu kabla sijafumba macho." Basi ndugu yetu alijinyima muda mrefu, akatuletea nauli: ya mama, na yetu, na ya mama watoto, na ya watoto wetu wawili. Tulipokwisha kupumzika kwake siku chache, akakodi motokaa kubwa ya kututosha sote tisa, akasema, "Kaka, nataka mama aone nchi kavu ya huku, ailinganishe na Ugogo wetu."

Tuliondoka Flagstaff alfajiri, mwezi wa Juni. Mji ule uko juu sana, kama mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, nao umezungukwa na misunobari mirefu, na kaskazini yake yasimama milima mirefu ambayo makabila ya nchi ile huiheshimu sana. Lakini tuliposhuka kwenda mashariki miti ilipungua, ikawa mifupi, kisha ikatoweka. Tukafika Winslow, tukageuka kushika njia ya kaskazini. Hapo nchi ni tambarare, na vilima vyeusi vya volkano vimesimama kimoja kimoja kama vichuguu vikubwa. Mama alitazama dirishani kitambo, akasema, "Hapa mbuzi atashiba, ng'ombe atakonda." Ndugu yetu alicheka, kwa maana ndivyo ilivyo: mifugo iliyo mingi katika nchi ile ni kondoo na mbuzi.

Jambo moja liliwachekesha watoto njiani. Jimbo la Arizona halibadili saa zake wakati wa kiangazi, lakini nchi ya Wanavajo hubadili, na nchi ya Wahopi, ambayo imezungukwa pande zote na nchi ya Wanavajo, haibadili. Basi kwa mwendo wa asubuhi moja saa ya simu ilionyesha saa nne, mara saa tano, mara saa nne tena, kisha ikarudi saa tano. Mtoto wetu wa kiume alisema, "Baba mdogo, hapa mtu akichelewa shuleni atapata udhuru siku zote."

Nchi ya Wahopi ni ya vilima vilivyo bapa juu kama meza, na vijiji vyao viko juu ya vilima hivyo. Nyumba nyingi ni za mawe, zimeshikana ukuta kwa ukuta, na mapaa yake ni bapa. Kimoja cha vijiji hivyo, Oraibi, ni miongoni mwa vijiji vya kale kuliko vyote vya Marekani ambavyo watu wamekaa bila kuvihama; watu wamo humo tangu kiasi cha miaka mia tisa iliyopita. Tuliambiwa mapema kwamba sharti tusipige picha vijijini, nasi tuliweka simu zetu mfukoni. Kando ya barabara mama mmoja wa Kihopi alikuwa akiuza mikate iitwayo piki, myembamba kama karatasi, iliyokunjwa kama mkeka, ya unga wa mahindi ya rangi ya buluu. Huiandaa juu ya jiwe laini lililopashwa moto. Tulinunua, tukala, tukamshukuru, tukaenda zetu. Twaomba msomaji amkumbuke mama huyo, maana tutamtaja tena.

Tulipita Ganado, penye duka la kale la John Lorenzo Hubbell, aliyeanza biashara yake huko mwaka 1878, akinunua mablanketi na mazulia yaliyofumwa na wanawake wa Kinavajo. Jioni tukafika Chinle, mji mdogo ulio mlangoni pa korongo, baada ya mwendo wa zaidi ya kilometa 300.

Asubuhi yake tulikutana na kiongozi wetu, mama mmoja wa Kinavajo wa makamo, mwenye kofia pana na mkufu wa mawe ya buluu. Yafaa kueleza kwamba korongo hili ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1931, lakini ardhi yake si mali ya serikali ya Marekani. Ni ya Wanavajo wenyewe, na jamaa zao hata leo hulima na kuchunga humo. Kwa hiyo mgeni haruhusiwi kushuka na kutembea chini ya korongo peke yake. Sharti afuatane na Mnavajo mwenye ruhusa. Wala hapigi picha ya mtu au ya nyumba yake bila kuomba. Tuliona kuwa ni desturi njema. Hata kwetu mtu haingii katika ua wa mwenziwe bila kupiga hodi.

Tulipanda gari lake lililo wazi, tukaingia kwa njia ya mto, kwani mto ulikuwa umekauka, na njia ni mchanga mtupu. Mlangoni kuta za korongo ni fupi, kama mita kumi tu. Lakini kadiri tulivyokwenda ndivyo zilivyopanda, hata shingo zikauma kwa kutazama juu, na anga likawa kama utepe. Mahali palipo virefu kuliko pote hufika mita 300. Mwamba wake ni mwekundu, tena ni laini kuutazama, na juu yake imechirizika mistari myeusi mirefu, kama mtu aliyemwaga wino kutoka ukingoni. Chini kuna miti ya kivuli, na mashamba madogo ya mahindi, na hapa na pale nyumba ya kienyeji ya Wanavajo iitwayo hogan, ambayo mlango wake huelekea mashariki, kulipokea jua.

Kwenye kuta tuliona michoro ya kale: wanyama, alama za mikono ya watu, na katika tawi moja la korongo wako wapanda farasi wa Kihispania, wamevaa majoho, wamechorwa na Mnavajo aliyewaona kwa macho yake. Watoto wetu walikumbuka michoro ya Kolo kule Kondoa, ambayo iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, wakaanza kumweleza kiongozi habari zake, wote wawili pamoja, naye akawasikiliza kwa saburi.

Kisha tukafika penye Nyumba Nyeupe. Ni nyumba ya sehemu mbili. Sehemu ya chini imesimama juu ya ardhi, chini ya ukuta wa mwamba. Na ya juu imo ndani ya pango, katikati ya jabali, na juu yake ukuta mwekundu wapanda moja kwa moja zaidi ya mita mia. Zamani nyumba ya chini ilikuwa na ghorofa kadhaa, hata paa lake likakaribia pango, na watu wakapanda kwa ngazi kutoka paa hilo kwenda nyumba ya juu. Chumba kimoja cha juu kilipakwa udongo mweupe, nao ndio ulioipatia nyumba jina lake. Watu walikaa humo tangu kiasi cha mwaka 1060 hata kiasi cha mwaka 1275. Pana ua wa seng'enge kuizunguka, wala mgeni haingii ndani, kwa maana kuta zimechoka, na mguso wa mikono mingi ungezimaliza.

Mama yetu alisimama mbele ya ua ule, ameegemea fimbo yake, asiseme neno kwa muda mrefu. Mwisho akaonyesha kwa kidole ncha za boriti zilizotokeza ukutani, akasema, "Tazameni. Hii ni tembe." Akawaeleza wajukuu wote wanne jinsi baba yake alivyojenga tembe: boriti kwanza, kisha fito juu yake, kisha majani, kisha udongo ukanyagwe mpaka ushikamane, na paa likawa bapa, hata mtu akaweza kuanika mtama juu yake. Ndugu yetu alimfasiria kiongozi, naye akatikisa kichwa akasema kwamba watu hawa wa kale waliezeka vivyo hivyo: boriti, fito, na udongo juu. Tena walisaga mahindi juu ya jiwe kwa jiwe, wakapanda maharagwe na maboga, wakafuga bata mzinga, na wakasuka makubazi kwa nyuzi za majani. Walichagua pango linaloelekea jua la baridi, lakini wakati wa joto mwamba wa juu huwatia kivuli. Walikuwa pia na vyumba vya mviringo vilivyochimbwa chini, viitwavyo kiva, vya kukutania na kufanyia ibada zao. Mambo ya ndani ya ibada hizo hatukuyauliza, kwa kuwa yana wenyewe.

Mtoto wetu wa kiume aliuliza, "Miaka hii ilijulikanaje, na watu hawakuandika?" Kiongozi alimjibu vizuri, nasi twalieleza jibu lake kwa faida ya walimu. Mti katika nchi zenye majira huongeza pete moja kila mwaka. Mwaka wa mvua pete huwa nene, na mwaka wa ukame huwa nyembamba. Basi miti yote ya nchi moja hubeba mfuatano mmoja wa pete nene na nyembamba, kama watu waliosoma kitabu kimoja. Mtaalamu wa nyota aitwaye A. E. Douglass alianza na miti iliyo hai, akarudi nyuma akilinganisha na boriti za nyumba za zamani, na zamani zaidi. Palikuwa na pengo asiloweza kuliziba, hata mwaka 1929 ilipopatikana boriti moja iliyoungua, katika mji wa Show Low, iliyounganisha pande zote mbili. Tangu hapo boriti ikikutwa na pete zake kamili, mwaka uliokatwa mti wake huweza kujulikana. Katika Mummy Cave, nyumba nyingine ya korongo hili yenye mnara wa ghorofa tatu, iko boriti iliyokatwa mwaka 1284.

Pete hizo hizo husema habari ya huzuni. Tangu mwaka 1276 hata 1299 ni nyembamba mfululizo. Ulikuwa ukame mkubwa wa miaka zaidi ya ishirini. Wataalamu hutaja na sababu nyingine pamoja na ukame, kama vile baridi iliyozidi na fitina baina ya watu. Lakini ilipofika kiasi cha mwaka 1300 nyumba hizi zilikuwa zimeachwa. Mama yetu aliposikia hayo alisema, "Mtunya." Kwa maana ndivyo Wagogo walivyoiita njaa iliyowapiga wakati wa vita kuu ya kwanza na baada yake, miaka ya 1917 hata 1920, nayo bibi yake aliiona akamsimulia: jinsi watu walivyofunga milango ya tembe zao wakatawanyika, kila mmoja akifuata tetesi ya chakula.

Hapo binti wa ndugu yetu, mwenye miaka kumi, aliuliza swali ambalo kila mgeni hulileta mahali pale: "Watu wa nyumba hizi walipotelea wapi?"

Kiongozi akacheka kidogo. "Jana mmepita njia ipi?" akauliza. Tukamwambia, njia ya Wahopi. "Mlinunua chochote?" Tukasema, mikate ya piki. "Basi mlinunua kwa wajukuu wao," akasema. "Hawakupotea. Walihama." Akatueleza kwamba Wahopi, na Wazuni, na watu wa vijiji vya Pueblo vya New Mexico, ndio wazao wa wajenzi wale. Wahopi wana jina la heshima kwa wazee wao hao, Hisatsinom, watu wa zamani za kale. Na koo zao hata leo husimulia safari za wazee wao, wapi walikaa, wapi walihama, na kwa ajili gani. Vitabu vingi viliandika kwamba watu wale walitoweka kwa namna ya ajabu. Na siku zote hizo wazao wao walikuwa wakipanda mahindi mwendo wa siku chache tu kutoka hapo.

Kisha akatueleza ya kwao. Wanavajo hujiita Diné, maana yake watu. Wao walikuja korongoni baadaye, wakapanda mahindi na mifyulisi, ile miti ya matunda yenye ngozi ya manyoya laini. Mwaka 1805 askari wa Kihispania, wakiongozwa na Antonio Narbona, waliua watu zaidi ya mia waliojificha katika pango moja la korongo hili. Mwaka 1864 jeshi la Marekani, chini ya Kit Carson, lilipita humo likichoma mashamba na nyumba, na mwaka huo huo askari wakakata mifyulisi kwa maelfu. Wanavajo zaidi ya 8,000 walihamishwa kwa miguu, zaidi ya kilometa 450, mpaka Bosque Redondo katika New Mexico, na wengi walikufa njiani na huko kwa njaa na maradhi. Mwaka 1868 wakuu wao, mmoja wao akiwa Barboncito aliyekuwa mtu wa korongo hili hili, walifanya mapatano na serikali, wakakubaliwa kurudi. Wakarudi. Wakapanda tena. "Bibi wa bibi yangu alirudi kwa miguu," akasema kiongozi, "nami ninaendesha gari katika njia yake."

Akageuka kwa watoto, akawaeleza desturi moja. Mnavajo akikutana na mtu, hataji kwanza kazi yake wala mji wake. Hutaja ukoo wa mama yake, kisha wa baba yake, kisha wa babu mzaa mama, kisha wa babu mzaa baba. Na kwa hayo wale wawili hujua kama ni ndugu. Akataja koo zake nne. Kisha akamwuliza yule binti wa ndugu yetu kwa upole, "Na wewe je?"

Mtoto akasema, "Mimi ni wa Flagstaff." Akamtazama baba yake. Ndugu yetu alifungua kinywa, akataja wa kwanza na wa pili, akakwama. Pakawa kimya. Ndipo mama yetu, aliyekuwa ameketi juu ya jiwe kivulini, akamwita mtoto amkaribie, akamshika mkono, akamtajia koo zake zote nne polepole, moja moja. Na kwa kila ukoo alitaja mahali ulikotoka, na mto uliouvuka, na sababu ya kuhama. Mtoto akazirudia, tena na tena, mpaka akazishika. Kisha akasimama mbele ya kiongozi, akamtajia zote nne bila kukosea. Yule mama akampa mkono kama apavyo mtu mzima.

Usiku ule, watoto walipolala, ndugu yetu alituambia, "Kaka, watoto hawa wajua jina la kila mlima wa Arizona, wala hawajui jina la mto wetu. Mama akiondoka, nani atawaambia?" Hatukuwa na jibu jepesi la kumpa. Lakini kabla ya kuondoka Marekani mama aliketi na wajukuu wale jioni tano, naye yule binti akaandika katika daftari kila alichosimuliwa. Daftari lina kurasa thelathini na moja. Nasi tumepewa nakala.

Wapenzi, tembe nyingi za Ugogo zimekwisha kuanguka, kwa kuwa watu wamejenga nyumba za bati, na vijana wamekwenda Dodoma na Dar es Salaam na mbali zaidi. Kuhama si aibu. Wazee wa korongo lile walihama kwa kuwa mvua ilikatika, wakaokoa watoto wao, nao walifanya vema. Tena ukuta wa udongo hauna budi kuanguka siku moja, hata ukiwekwa ndani ya mwamba. Lakini Wahopi wamepita miaka mia saba tangu kuziacha nyumba zile, nao bado hujua ni zao, kwa sababu mzee alisema na mtoto akasikiliza. Kwetu wapo watu waliohama jana tu, na watoto wao hawajui hata jina la kijiji.

Basi twawaomba wazazi na walimu jambo moja jepesi. Yuko mzee katika kila mtaa. Mpelekeeni mtoto mwenye daftari na kalamu, na aulize mambo matatu: tulitoka wapi, kwa nini tuliondoka, na nani alitangulia. Walimu mwaweza kulifanya kuwa zoezi la likizo kwa darasa la tano na la sita. Yatakayoandikwa yasomwe nyumbani kwa sauti, mzee akiwapo, ili asahihishe yaliyokosewa. Wala msingoje mavuno kwisha, kwa maana mzee hana ahadi na majira.